Taa ya njano iliyozimwa ikarudi, na safari ya Iringa kwa kruzi

Swali: Shikamoo fundi. Mwezi uliopita nimenunua gari dogo la Kijapani lililotumika, otomatiki. Wiki ya kwanza tu, taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka. Fundi wa mtaani akasema hiyo ni ya kawaida kwa magari ya Japani, akachomoa waya wa betri kwa dakika kumi, ikazima. Siku ya nne ikarudi. Halafu kuna taa nyingine imeandikwa O/D OFF, hiyo haijawahi kuzima tangu nilichukue gari. Disemba nampeleka mama Iringa. Gari lina kruzi kontroli, kile kifaa cha kushika mwendo chenyewe bila wewe kukanyaga mafuta. Shemeji yangu anasema nikiiwasha nitapumzisha miguu mpaka Morogoro, mume wangu anasema hicho kitu kinaua. Nimsikilize nani, na hizo taa nizifanyeje? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na ule waya wa betri, maana ndio ulioniuma zaidi niliposoma swali lako. Taa ya cheki injini haiwaki hovyo. Inapowaka, kompyuta ya injini inakuwa imeshaandika namba ya hitilafu, na mara nyingi imehifadhi pia hali ilivyokuwa dakika ile: injini ilikuwa na joto kiasi gani, ilikuwa inazunguka mara ngapi, gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Ni kadi ya kliniki kabisa. Fundi wako alipochomoa betri aliichana kadi, kisha akakuambia mgonjwa amepona. Zile siku tatu za ukimya kompyuta ilikuwa inajipima upya kutoka sifuri, na ilipoukuta ugonjwa uleule ikaandika tena na kukuwashia taa tena.

Kwa hiyo safari hii mtu yeyote asiguse betri kabla gari halijapimwa kwa mashine. Sehemu ya kuchomeka iko chini ya dashibodi, upande wa magoti ya dereva. Marekani ilitaka magari madogo yote mapya kuanzia ya 1996 yawe na soketi ya aina moja, na magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa baadaye yana soketi ya umbo hilohilo, ndiyo maana mafundi wengi wa umeme Gerezani, Ilala au hapo kwenu Tabata wanaweza kulisoma gari lako bila shida. Simama karibu. Mwombe akuandikie namba kwenye karatasi kabla hajafuta chochote: herufi P ikifuatiwa na tarakimu nne. Ukiona P0301, silinda namba moja haichomi vizuri. P0302 ni namba mbili, na kuendelea. P0171 maana yake hewa imezidi kwenye mchanganyiko au mafuta yamepungua. P0420 inahusu masega, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi.

Lakini namba ni mwanzo wa uchunguzi, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Chukua P0171. Fundi mwenye haraka atakwambia "sensa ya oksijeni imekufa, lete hela nikanunue". Sensa ile ndiyo iliyotoa taarifa! Ni sawa na kumsikia mlinzi akipiga filimbi kwamba kuna mwizi, ukamfukuza kazi mlinzi. Mwizi anaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi, chujio la mafuta lililoziba, au pampu iliyochoka. Fundi mzuri utamjua kwa sababu akishasoma namba atafungua boneti na kuanza kutafuta, hatakimbilia dukani.

Angalia pia inavyowaka. Ikiwa imetulia tu na gari linakwenda vizuri, endesha kwa utaratibu, ulipeleke ndani ya siku chache. Ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima huku injini inatetema na gari halina nguvu, hiyo ni habari nyingine. Kuna silinda haichomi, petroli mbichi inatoka nayo mpaka kwenye ekzosi na kuungulia huko ndani. Masega hupata moto kupita kiasi na kuyeyuka, na kilichoanza kama plagi au koili moja ya kubadilisha kinageuka gharama kubwa mara kadhaa. Taa inayopepesa inataka uondoe mguu kwenye mafuta sasa hivi, uegeshe, umwite fundi pale ulipo. Na atakayekushauri "tuyatoe hayo masega, kuna watu wanayanunua", mkatalie. Yananunuliwa kwa sababu ndani yake mna madini ya thamani, na hiyo thamani ni ya kwako.

Sasa nataka ufanye jambo moja kesho asubuhi kabla hujawasha gari. Washa swichi bila kupiga stata. Kama gari ni la kitufe, usikanyage breki, bonyeza mara mbili. Dashibodi nzima itawaka kama harusi: injini, betri, kopo la oili, breki, ABS (inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla), eabegi (mifuko ya hewa). Hapo gari linakuonyesha kwamba taa zake zote ni nzima. Kwenye magari mengi taa ya eabegi na ya ABS zitakaa sekunde chache halafu zizime zenyewe, injini ikiwa bado haijawashwa. Kopo la oili, betri na cheki injini zitabaki mpaka upige stata.

Kwa nini nakusumbua na hili? Kwa sababu umenunua gari lililotumika, na huku kwetu wapo wanaoficha taa. Kuna anayetoa balbu au kubandika utepe mweusi nyuma ya dashibodi. Hiyo utaikamata kwa kuona taa fulani haikuwaka kabisa ulipowasha swichi. Kuna mbinu ya ujanja zaidi niliyoikuta mara kadhaa: waya wa taa ya eabegi umeunganishwa na wa taa ya oili. Ukiwasha swichi inawaka, injini ikishika inazima, mnunuzi anaridhika. Itakuumbua kwenye zile sekunde chache. Eabegi nzima huzima yenyewe hata kama hujapiga stata. Ikisubiri izime pamoja na kopo la oili, jua kuna mkono wa mtu. Gari la namna hiyo likigonga, mifuko inaweza isifunguke. Wewe unampakia mama yako kiti cha mbele. Hesabu zile taa, dada.

Ukishajua gari lako linasema ukweli, rangi zinakuwa rahisi. Kijani na bluu zinakuarifu kitu kimewashwa. Njano inataka lishughulikiwe. Nyekundu inataka usimame. Ziko nyekundu nne ambazo ningependa uzijue hata ukiamshwa usingizini, na mbili kati yake nitazikalia kidogo.

Ya kwanza ni kopo la oili lenye tone. Watu wanadhani linasema oili imepungua. Linasema presha ya oili imeanguka, yaani chuma kinasagana na chuma. Inaweza kuwa imepungua, inaweza kuwa imejaa lakini pampu haisukumi. Nilipokuwa kijana, gari langu la kwanza lilianza kunipepesea taa hiyo kila nikikata kona, halafu inazima nikinyoosha. Nikajiambia ni waya umelegea. Oili ilikuwa imebaki kidogo sana ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nikikata kona inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa. Siku ya tatu, kilomita chache kabla ya nyumbani, ikawaka bila kuzima, nikasema nifike tu. Niliusikia mlio wa kugonga kama nyundo, ko-ko-ko, halafu injini ikakaza na haikuzunguka tena. Kuchungulia kijiti cha oili kungenichukua dakika moja. Kopo hilo likiwaka ukiwa barabarani, weka pembeni, zima injini. Usiende nayo hata kituo cha mafuta unachokiona mbele. Subiri dakika chache, vuta kijiti, futa, rudisha, vuta tena. Ikiwa imepungua, ongeza, uwashe uangalie. Ikiwa imejaa na taa bado iko, gari linavutwa.

Ya pili ni ya joto: kipimajoto kilichosimama kwenye mawimbi. Magari mengi madogo hayana mshale siku hizi. Yana taa ya bluu asubuhi injini ikiwa baridi, haina kitu ikiwa sawa, na nyekundu ikichemsha. Tatizo la mpango huo ni kwamba hupati onyo la katikati. Mshale ungekuonyesha unapanda; taa inakushtukiza wakati mambo yameshaharibika. Ikiwaka, zima AC, tafuta pa kuegesha, zima injini. Kama uko mahali ambapo huwezi kusimama mara moja, fungua hita kwa joto la mwisho na feni ya mwisho na ushushe vioo. Mtaungua, lakini hita ni rejeta ndogo, itanyonya joto kidogo. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyofungiwa humo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha. Ukilegeza tu kifuniko, yanachemka kwa mkupuo na kukurukia usoni. Nimeona mikono na nyuso zilizobabuka kwa hilo. Subiri nusu saa na zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono.

Na ukinipigia simu, kitu cha kwanza nitakachouliza ni lini limechemsha. Likichemsha kwenye foleni ya Ubungo halafu likapoa ukianza kutembea, nitatafuta kwenye feni na fyuzi yake. Likipoa foleni na kuchemsha ukikimbia au kupanda mlima, nitaangalia rejeta iliyoziba, wota pampu, au maji yanayovuja taratibu. Usiweke maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula rejeta na aluminiamu ya injini kutoka ndani. Weka kuulanti, yale maji maalumu ya rejeta, hata kama mtu atakwambia hiyo ni ya nchi za barafu. Inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na joto ndilo letu.

Neno moja kuhusu ile taa ya bluu, kwa sababu sioni watu wakiiangalia. Hapa Dar inatakiwa izime baada ya dakika chache za kutembea. Ikikaa mpaka umetoka Tabata ukafika Posta, kuna uwezekano mkubwa themostati, ule mlango unaoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, imekwama wazi, au fundi aliitoa akasema "huku ni joto, haina kazi". Ina kazi. Inaiwezesha injini kufika joto lake haraka na kukaa hapo. Bila hiyo kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli nyingi, na unalalamika gari linakula mafuta.

Betri nyekundu ukiwa barabarani inamaanisha alteneta haichaji, au mkanda umekatika. Una muda mfupi, kadiri betri itakavyovumilia, na kama mkanda huo ndio unaozungusha wota pampu, ya joto itafuata nyuma. Zima redio, AC na kila usichohitaji, nenda gereji ya karibu. Magari mengi madogo yana usukani wa umeme, kwa hiyo usishangae ukianza kuwa mzito. Breki nyekundu kwanza ni hendibreki uliyoisahau. Ukiishusha na taa ikabaki, angalia mafuta ya breki, na ukikuta yamepungua usiongeze tu ukaondoka: pedi zikiisha, mafuta hushuka, kwa hiyo huenda gari linakuambia pedi zimekwisha. Breki nyekundu pamoja na ABS ya njano kwa wakati mmoja, usisafiri nalo.

ABS peke yake: breki za kawaida bado zipo, isipokuwa magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla. Hapa kwetu huwaka sana baada ya kuvuka maji wakati wa masika, kwa sababu sensa ziko pale gurudumuni kwenye tope. Na ile sauti ya mwanamke inayozungumza Kijapani kila ukiwasha gari, kama unayo, mara nyingi ni kifaa cha kulipia barabara za Japani kinacholalamika hakina kadi. Hiyo haina madhara, mwombe fundi akichomoe.

Sasa O/D OFF. Dada, hiyo inawezekana kabisa siyo ugonjwa. Angalia pembeni ya mpini wa gia, kuna kitufe kidogo, mara nyingi upande wa kidole gumba. Kibonyeze mara moja. Ikizima, umepona. Maana yake ni kwamba gia ya juu kabisa ilikuwa imefungiwa, na umeendesha mwezi mzima ukiwa gia tatu kwenye gari la gia nne. Injini inapiga kelele kwenye mwendo mkubwa na mafuta yanakwisha. Nimekutana na watu walioendesha hivyo miaka, wakidhani taa ikiwa imewaka ndiyo gia imewashwa. Ila ikiwa inapepesa yenyewe na haisikii kitufe, hapo giaboksi ndiyo inayoomba kupimwa. Kiweke akilini kitufe hicho, tutakihitaji kwenye mlima Kitonga, kabla ya Iringa.

Nije kwenye ugomvi wa shemeji na mume wako. Kruzi kontroli ilibuniwa na mhandisi wa Marekani, Ralph Teetor, aliyepofuka tangu akiwa mtoto. Inasimuliwa alichoshwa na rafiki yake wakili aliyekuwa kila akiongea anapunguza mwendo, akinyamaza anaongeza, gari likawa linampiga mbele na nyuma. Alipata hataza yake 1950, na Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake ya 1958. Nakueleza haya uone kifaa kilitengenezwa kwa kazi gani: kushika mwendo usibadilike, ili abiria akae kwa raha. Hakimwoni ng'ombe. Hakimwoni bodaboda. Kinachokijua ni namba ile uliyokipa, na kitapambana kuitimiza.

Kwanza, jambo linalounganisha maswali yako mawili: kwenye baadhi ya magari, cheki injini ikiwa imewaka kompyuta inakataa kruzi kwa makusudi. Usilazimishe. Tengeneza kwanza injini. Pili, kabla ya safari mwambie mume wako asimame nyuma ya gari ukanyage breki, atazame kama taa zote za nyuma zinawaka. Swichi ile ya pedali inayowasha taa za breki ndiyo inayoiambia kruzi iachie. Kama taa haziwaki, kruzi usiiguse mpaka zitengenezwe.

Kama gari ni Toyota, kuna uwezekano utakuta kijiti kifupi chini ya usukani upande wa kulia. Bonyeza ncha yake, taa ya kijani ya CRUISE inawaka. Hapo iko tayari lakini bado haijashika. Fika mwendo unaoutaka, mengi hayakubali chini ya kilomita 40 kwa saa, sukuma kijiti chini kwenye SET, kisha toa mguu taratibu. Kuachia, gusa breki au vuta kijiti kuelekea kwako. Ukitaka kupita lori, kanyaga mafuta kama kawaida. Ukiachia litarudi kwenye mwendo wa awali. Usitie N kruzi ikiwa imeshika. Jifunze haya Jumapili asubuhi na mapema kwenye barabara tupu, ukiwa na mtu mzima pembeni, usiku wa kuamkia hiyo umelala vizuri. Usijifunzie Disemba ukiwa na mama.

Kitu ninachokiogopa zaidi kwenye kruzi ni ile RES, kijiti kikisukumwa juu. Fikiria hivi. Ulikuwa kilomita 90, umefika kijijini, bango la 50, umegusa breki, umepita matuta na rasta. Unaona nyumba zimeanza kupungua, unasukuma RES. Gari linakumbuka 90 na linaanza kuvuta lenyewe, injini inanguruma, na wewe mguu wako uko chini ya kiti. Palepale mtoto mwenye dumu la maji anakatiza. Kwa mwendo wa 90 gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Mguu wa kutafuta pedali ni sekunde nzima. Kwa hiyo usitumie RES. Kila mara panda mwenyewe kwa mguu, ukiona barabara imefunguka kweli, ndipo useti upya. Na mguu wa kulia ukae sakafuni umenyooka jirani na breki, usiukunje.

Wapo wanaoseti 50 kijijini ili wasipigwe tochi. Nia yao nzuri, lakini sikubaliani nao. Kijijini ndiko unakohitaji mguu wako uwe kazini kuliko mahali pengine popote. Mshale utautunza kwa macho.

Mvua ikianza, zima kabisa. Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba kruzi kwenye maji inalirusha gari hewani. Hilo limetiwa chumvi. Ukweli unatosha bila chumvi. Tairi likipanda juu ya maji linapoteza mshiko, na dawa yake ni kuachia mafuta taratibu. Ukiwa kwenye kruzi huna mafuta ya kuachia, unakanyaga breki ili iache, na breki ya ghafla juu ya maji ndiyo inayokuzungusha. Usiku pia usiitumie, kwa sababu lori lililoharibika bila viakisi linaonekana likiwa limeshafika. Ukisikia usingizi, iwe mchana au usiku, kruzi itakubembeleza ulale. Simama, shuka, tembea.

Kwa njia yako: kutoka Tabata mpaka Kibaha isahau. Mlandizi, Ruvu mpaka Chalinze kuna malori ya Zambia na Kongo, mabasi, na vijiji vilivyofuatana. Sehemu ya kuseti na kukaa nayo kwa raha ni fupi. Baada ya Chalinze barabara inanyooka kwa vipande, na asubuhi yenye mwanga, gari la mbele likiwa mbali, unaweza kuitumia dakika tano, kumi, ukaachia. Ndani ya Mikumi barabara kuu inakata hifadhini kwa takriban kilomita 50, mabango ya faini za kugonga wanyama yapo kando. Izime kabla ya kuingia. Twiga akitoka kichakani hasubiri. Kwa hiyo shemeji yako amekosea, hutapumzisha miguu mpaka Morogoro. Mume wako yuko karibu na ukweli, lakini kifaa kinaua kikitumiwa mahali pasipo pake.

Na Kitonga, kwenda na kurudi, kruzi izimwe kwenye ncha ya kijiti mpaka taa ya kijani ipotee. Kwenda unapanda: bonyeza kile kitufe, O/D OFF iwake, gari lipande kwa gia ya chini bila kubadili-badili, na usiibane injini nyuma ya lori, acha nafasi. Likianza joto, zima AC. Kurudi ndiko kwenye kazi zaidi. Kruzi ya kawaida haina breki, mteremko utalivuta gari lipite namba uliyoseti. Na ukishuka umekanyaga breki muda wote, pedi zinapata moto, pedali inakuwa laini kama sifongo, na hakuna kinachobaki cha kukushika. Kutembea fri ni kubaya zaidi. Bonyeza kitufe kabla ya kuanza kushuka, ile taa ya njano iwake kwa makusudi yako. Gia ya chini iishike injini, injini ilishike gari. Ikibidi shuka mpaka 2. Breki iguse kidogo, achia, iguse tena kabla ya kona.

Ukifika Ruaha Mbuyuni egesha mbali kidogo na barabara. Pitisha kiganja karibu na magurudumu ya mbele bila kugusa: joto la kawaida sawa, harufu kali ya kuungua kaa hapo mpaka lipoe, na usimwagie maji. Mama ashuke anyooshe miguu, muwanunulie vitunguu watu wa nyumbani, kisha bonyeza kitufe, taa izime, mwendelee.